Wageni wa Mfungo Tano

Mtu akikuambia anakuletea wageni wa siku mbili tatu, muulize kwanza urefu wao. Mimi sikuuliza. Kaka yangu Faraj alisimama mlangoni pangu Changamwe, kofia mkononi, akaniambia, "Mwanatabu, vijana wangu watalala kwako kidogo, safari imeanza," nami kwa ujinga wangu nikasema karibuni. Wakaanza kuingia mmoja mmoja wakiinama, na kila mmoja aligonga kichwa pale pale juu ya mlango, kana kwamba mwenziwe wa mbele hakugonga. Walikuwa wanane. Wa mwisho kuingia, mrefu kuliko wote, alikuwa mwanangu Faki.

Hii ilikuwa timu ya mpira wa kikapu ya Bofu, kule Likoni. Watu wote wa pwani hii wanacheza kandanda, mchezo unaoeleweka, lakini kaka yangu ilimbidi atafute ule wa kutupia mpira kapuni. Aliuokota bandarini alikofanya kazi, kwa mabaharia wa kigeni waliokuwa wakiucheza wakingoja meli yao ipakuliwe. Akarudi Bofu na mpira uliojaa viraka, akapigilia pete mbili za pipa juu ya vigogo vya minazi, akakusanya kila kijana mrefu asiyekuwa na kazi ya maana. Haikupita miaka mingi wakawa wanavuka feri kwenda mjini kuwafunga Wagoa na watu wa reli, na wakirudi wanapokewa kwa vigelegele kama maharusi.

Basi kikatokea kiwanda kimoja cha biskuti cha Nairobi kilichotaka timu. Kilimtuma karani wake, Gershom, kijana wa bara mwenye tai na haraka, akawatazama wakicheza mara moja akasema anawachukua wote. Wahamie Nairobi. Waache jina la Bofu wachukue la biskuti. Wapewe kazi kiwandani na vyumba vya kulala, walipwe kwa kucheza, tena wachezee ndani ya ukumbi wenye sakafu ya mbao. "Lakini huyu mrefu awemo," alisema, akimwonyesha Faki kwa kidole. "Huyu asipokuwemo, hakuna mapatano."

Mwaka ule pwani nzima ilikuwa ikibishana kama Mwambao uende pamoja na Kenya au ukae peke yake. Faraj ndiye aliyekuwa akipaza sauti barazani kwamba Nairobi isitutie mkono, na huku mwenyewe anaifungashia Nairobi timu nzima na jina lake. Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba mimi sielewi siasa.

Mimi nilielewa jambo moja. Faki ndiye mtoto wangu wa pekee. Babake alipofariki, nami nimo edani, Faraj alimchukua akamvusha Likoni akae kwake mpaka nitulie. Nilitulia. Mtoto hakurudi. Kila nikimdai, Faraj ana neno: mara chuo cha Kurani kiko karibu, mara skuli, mara mtoto amekwisha zoea. Mwisho akaanza kusema mbele za watu kwamba kwao Faki ni Likoni. Kwao! Mtoto kazaliwa chumbani kwangu, kitovu chake kimezikwa uani kwangu, na kitanda chake cha kamba nilikuwa nikikisuka upya kila mwaka hata kama hakuna aliyekilalia. Miguu yake ilipokipita nikampelekea seremala akirefushe. Juu ya neno hilo moja, la kwao Faki ni wapi, mimi na kaka yangu tuligombana kwenye kila harusi na kila matanga ya ukoo wetu, hadi watu wakituona tunasogeleana wanaondoa vikombe.

Na Likoni si Nairobi. Likoni nikizidiwa na hamu navuka feri, namwona mwanangu, nagombana na kaka yangu, narudi kulala. Nairobi ningemwona wapi? Nilitaka abaki. Sikuwa na matakwa mengine, na wala sikuyaficha.

Sasa sikia habari ya safari yenyewe. Siku aliyoipanga Gershom ya kuripoti kiwandani ilianguka katikati ya Mfungo Tano. Mtu wa bara atajuaje? Mfungo Tano ni mwezi wenye nuksi. Wazee wetu hawasafiri ndani yake, hawaozi, hata kuhamisha meko hawapendi. Faraj akamwomba asogeze siku mbele. Gershom akamjibu kwamba matanuri ya biskuti hayawashwi kwa kuangalia mwezi.

Dawa ipo, na Faraj aliijua. Mtu aliyelazimika kusafiri ndani ya mwezi huo huaga kwao kabla haujaandama, akatoka na mzigo wake, akaenda kulala nyumba nyingine. Safari yake imekwisha anza hapo, na siku atakapopanda gari anaendelea tu, nuksi haimpati. Sharti lake ni kwamba asirudi kwao. Basi wakaagwa Bofu kwa ubani na dua, mama yetu Bi Dhahabu akawapitisha chini ya msahafu mmoja mmoja wakiwa wamepiga magoti kwa sababu ya urefu, wanawake wakalia, wakavuka feri. Mimi habari hizo nilizipata wakati wamekwisha fika mlangoni pangu. Hakuna aliyefikiri kwamba mama mtu naye huenda angependa kuwapo.

Na nyumba nyingine ikawa yangu kwa kuwa gari la moshi linapita stesheni ya Changamwe, na kwa kuwa hakuna mjinga mwingine ambaye angekubali.

Siku mbili tatu zikawa wiki, na wiki ikazaa nyingine. Mimi huuza mahamri na mbaazi asubuhi kwa watu wa reli. Mwezi ule watu wa reli walikula mabaki. Alikuwapo kijana mmoja, Nguma, mwenye viganja kama sinia, ambaye akinyoosha mkono kuonja hamri moja unarudi na matano. Nikimwambia afue shuka yake ananijibu kwa upole, "Bi Mwanatabu, sisi wasafiri." Hata sala walikuwa wakizipunguza. Wasafiri wanaojua bei ya kila duka la Changamwe! Wasafiri waliokwisha gombana na kinyozi!

Kazi hawakufanya, maana ni wageni, na mgeni hafanyishwi kazi. Nilichoweza kufanya ni kumwita Faki. Faki, maji! Faki, kuni! Faki, mwambie mwenzako atoe miguu yake mlangoni, kuku hawapiti! Alikuwa akiitika kila mara, anabeba debe anakwenda bombani, anarudi ananimwagia nusu yake kizingitini, nami namkemea. Nilimkemea siku zote zile. Kama nilikuwa nikilipiza miaka yote ile ambayo sikupata nafasi ya kumkemea, sijui.

Halafu ile pete. Waliogopa kusahau mchezo, basi Faki akapigilia pete ya pipa kwenye ukuta wangu wa uani, juu kabisa chini ya paa. Kuanzia alfajiri ni du, du, du. Plasta ilikuwa ikidondoka ndani ya sufuria ya mbaazi. Mteja mmoja alinirudishia bakuli akaniuliza kama siku hizi naunga kwa chokaa. Niliapa kuing'oa pete ile kwa mikono yangu.

Nilitoka kwenda kuing'oa kweli, asubuhi moja, na shoka mkononi. Wenziwe walikuwa bado wamelala. Faki alikuwa peke yake uani, hakuniona. Akainua mpira juu ya kichwa, akaruka kidogo tu, akauachia. Ukapita katikati ya pete bila kuigusa, kwa utulivu wa mtu anayefunika chungu. Akaufuata, akarudi, akaurusha tena. Uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa navuka feri kwenda kumtazama. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu niliona kwamba mwanangu anaujua mchezo ule vizuri sana, na kwamba hapa Changamwe utaishia kubomoa ukuta wangu. Nikarudi ndani na shoka langu, nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Siku moja kabla ya safari, Gershom akafika na tikiti akiwa na Faraj, akaketi uani na tai yake akitazama saa. Na siku hiyo hiyo mama yetu, Bi Dhahabu, akatokea kutoka Bofu na kikapu cha visheti, amechoshwa na feri, na basi, na kila mtu aliyekutana naye njiani. Hasira kwetu ni za kurithi. Tukamwamkia, akaitikia, akawekewa kibao uani akae, akapewa chai.

Wakati huo Faki akaingia na debe la maji, akanimwagia kizingitini kama kawaida yake.

"Faki! Nimekwambia mara ngapi? Mguu wako wa nini kama huoni pa kuukanyagisha?"

"Samahani, mama."

Bi Dhahabu alinywa chai kidogo. Akainuka, akachungulia chumbani, akaona mikeka imetandikwa sakafuni, na pembeni kitanda kimoja.

"Huyu Faki yuwalala wapi?" akaniuliza.

"Kitandani kwake," nikajibu bila kufikiri.

"Kitanda cha nani?"

"Chake, mama. Si kile cha utotoni? Nilikirefusha."

Bi Dhahabu akaweka kikombe chini. "Faraj!"

"Labeka, mama."

"Waniambia vijana wote walitoka majumbani kwao kabla mwezi haujaandama?"

"Wote, mama. Wewe mwenyewe uliwapitisha chini ya msahafu."

"Hawa wengine walitoka. Huyu umemleta kwao. Yuwalala kitandani kwake, kwa mamake mzazi, yuwachota maji, yuwakemewa. Msafiri gani huyo wa kukemewa? Wallahi safari ya mtoto huyu itaanza kesho, katikati ya Mfungo Tano, na nyote mtakuwa ndani ya gari moja naye."

Nguma alikuwa na kisheti mdomoni, akakitoa.

"Bi Dhahabu asema kweli," akanong'ona. "Mimi gari moja naye sipandi."

"Basi alale hotelini leo," Gershom akasema. "Nitamtafutia mimi mwenyewe. Tatizo ni kitanda tu, sivyo?"

"Akitoka leo, ametoka kwao leo," Bi Dhahabu akamjibu, polepole, kama anayemfundisha mtu kula kwa mkono wa kulia. "Na leo ni Mfungo Tano, baba."

Gershom akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema kwamba kiwanda kilimtaka huyo mrefu, na kwamba huyo asipokwenda yeye hana haja na hao wengine, na kwamba amepata kuzungumza na watu wa kila namna katika kazi yake lakini hajawahi. Hakumaliza hajawahi nini.

Faraj alikuwa amebadilika rangi. Miaka yote ile ya vigogo vya minazi na mpira wa viraka ilikuwa ikimponyoka kwa ajili ya kitanda. "Kwao Faki ni Likoni!" akapiga kelele. "Kwangu! Ndiko alikokua, ndiko alikoagia! Hapa amefikia tu!"

"Mtu kwao ni kwa mamake," Bi Dhahabu akasema.

Nisikudanganye, nilifurahi. Neno hilo nililingoja tangu siku ile mtoto alipopandishwa feri na kifurushi chake cha nguo. Nililipigania kwenye maharusi, nikalililia matangani, na mama yangu huyo huyo miaka yote alikuwa akitwambia tunyamaze tusimtie aibu. Leo amelisema mwenyewe, mbele ya timu nzima na karani wa bara. Faki amebaki. Sikuhitaji kufanya kitu chochote ila kunyamaza.

Lakini Bi Dhahabu hakuwa amemaliza. Alinigeukia.

"Nyumba ni yako, Mwanatabu. Mwenye nyumba ndiye amjuaye nani ni wake na nani ni mgeni. Mimi nimesema nilichokiona. Wewe wasemaje? Huyu ni wa hapa, au ni mgeni kama wenziwe?"

Wakanitazama wote. Faraj, ambaye hakuwahi kuniomba kitu bila kuniamuru, alikuwa akiniomba kwa macho, na sikumjali. Nilimtazama Faki. Alikuwa bado ameshika debe. Hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akiitazama ile pete ukutani.

"Na wewe?" nikamwuliza. "Huna mdomo?"

"Utakalosema wewe, mama, ndilo," akajibu.

Na alikuwa anasema kweli! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Laiti angebisha. Laiti angenipigia kelele kama mjomba wake, akasema mimi ni mtu mzima, nitakwenda nikitaka. Ubishi nauweza, nimeufanya maisha yangu yote. Angebisha ningemfungia chumbani na kesho angelala kitandani kwake. Kumbe amekaa kule miaka yote, wala hakusahau mimi ni nani. Angebaki kwa neno langu, akachota maji, akanimwagia kizingitini, na kila alfajiri angetoka uani kuurusha ule mpira mpaka plasta iishe.

"Mgeni," nikasema.

"Sikusikii," Bi Dhahabu akasema.

"Nasema huyu ni mgeni wangu. Amefikia tu. Kwao ni Likoni, kwa mjomba wake. Kitanda nilimpa kwa sababu mikeka haikutosha."

Bi Dhahabu alinitazama. Alijua, maana aliniona nikizaa mle ndani, yeye mwenyewe ndiye aliyenikanda. "Haya," akasema. "Mwenye nyumba amesema. Mgeni ni mgeni." Akachukua kikombe chake, chai imekwisha poa.

Faraj alinigeukia. Angetabasamu ningempiga kwa mwiko, lakini hakutabasamu. Aliinamisha kichwa akakitazama kizingiti kilicholowa.

Faki akageuka kwenda bombani kuongeza maji, kwa mazoea tu. Nikamfuata, nikalishika debe.

"Liache."

"Limebaki nusu, mama."

"Liache nimekwambia. Mgeni hachoti maji."

Akaliachia. Nikalibeba mwenyewe mpaka bombani, nikasimama kwenye foleni nikilia waziwazi, na waliponiuliza nikawaambia ni moshi wa kuni. Hakuna aliyekuwa na kuni pale.

Kesho yake jioni wakaondoka. Bi Dhahabu aliketi pale pale uani, anatazama kila kitu, maana jambo likitengenezwa lazima lionekane limetengenezwa. Waliniaga mlangoni mmoja mmoja, kama wageni wanavyomuaga mwenyeji. Nguma alinishukuru kwa mahamri, jambo ambalo lilikuwa la haki. Faki alikuwa wa mwisho. Aliinama, na bado akagonga kichwa.

Akatupa jicho kwa bibi yake, kisha akanitazama. Alikuwa ameelewa kila kitu, mtoto yule. Akanyoosha mkono kama mtu wa kupita.

"Bi Mwanatabu," akasema. Maisha yake yote hajawahi kuniita jina. "Tumekula, tumelala, tumekusumbua. Mola akulipe kwa ukarimu wako."

Nilitaka kumvuta nimshike shingo, lakini mgeni hashikwi shingo. Nikamjibu lile neno ambalo hakuna mama anayemwambia mwanawe.

"Karibu tena," nikasema.

Gari la moshi lilipiga honi, likaondoka, nikabaki mlangoni hadi Bi Dhahabu aliponiita nikae. Sikukaa. Niliingia chumbani kukitazama kile kitanda. Kamba zote zilikuwa zimelegea katikati, na tendegu moja limepasuka kwa uzito wake. Nikakitoa uani, chini ya pete, nikaanza kukisuka upya.